Mgeni wa Kinyonga

Watoto ndio waliompa jina la Shangazi Nukta. Alikuwa akiwafundisha kuandika programu za kompyuta katika chumba chao cha maktaba, na kila mtoto aliyelia kwamba programu yake imegoma aliulizwa swali lile lile: "Nukta umeiweka wapi?" Mara nyingi ilikuwa nukta kweli. Mimi nilikaa kaunta ya kuazima vitabu, karibu na mlango wa chumba hicho, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Niliyoyakosa alinisimulia mwenyewe jioni tukifunga madirisha.

Alikuwa mkutubi wa watoto, mwanamke wa makamo, mjane, mwenye sauti ya chini. Kompyuta hakuzisomea. Ofisi moja ilipobadilisha mashine zake ilituletea zile kuukuu, zikarundikwa stoo hadi panya wakaanza kuzimezea mate nyaya. Yeye akaziomba, akazifuta vumbi, akaanza kujifunza. Wiki nzima alihangaika na somo moja, na Jumamosi akawafundisha watoto somo hilo hilo, akimwomba Mungu wasimuulize la mbele yake.

Tangazo la kwanza aliliandika kwa mkono na kulibandika langoni: "Watoto, njooni mjifunze kodi." Siku hiyo hiyo mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha alikuja kaunta kwangu, uso umemkunjuka kwa furaha. "Hili ni jambo jema," akaniambia. "Wafundisheni wangali wadogo. Wakubwa wameshindikana." Shangazi Nukta alikusudia "code" ya Kiingereza, maandishi ya programu. Tangazo tukalibadilisha.

Kati ya watoto waliokuja alikuwamo binti wa fundi cherehani mmoja, msichana wa miaka kumi na tatu. Wenzake walimwita Kinyonga kwa sababu ya mchezo alioutunga. Ndani yake kinyonga anavuka barabara. Akijipaka rangi kali malori humwona na kusimama, lakini kunguru naye humwona. Akijipaka rangi ya lami kunguru humpita, ila malori humkanyaga. Ulikuwa mchezo mgumu, na wenzake waligombania zamu ya kuucheza.

Kazi zao waliziweka kwenye tovuti moja ambako watoto wa kila mahali huonyesha michezo yao, hucheza ya wenzao na kuandikiana maneno ya kutiana moyo. Shangazi Nukta aliipenda sana tovuti ile. Alisema kazi isiyoonwa na mtu hudumaa.

Basi Alhamisi moja mchana, Pengo, mtoto mdogo kuliko wote, aliyeitwa hivyo kwa meno yake ya mbele yaliyong'oka, alikwenda kwenye meza ya Shangazi Nukta amenuna.

"Shangazi, kwa nini Kinyonga apewe kompyuta na sisi tusipewe?"

"Nani anampa kompyuta?"

"Rafiki yake. Anamletea Jumamosi. Lakini ni siri, nimeambiwa nisiseme." Pengo akafikiri kidogo. "Na sijasema."

Shangazi Nukta aliniambia kwamba mwili ulimfa ganzi kabla akili haijafika huko. Alingoja hadi Kinyonga alipotoka shule na kupita maktaba kama kawaida yake, akamketisha kando ya rafu za vitabu vya picha, mahali ambapo wengine wasingesikia.

"Huyo rafiki ni nani?"

Msichana alitazama viatu vyake. "Ni kaka tu, Shangazi. Anasoma chuo. Anatengeneza michezo."

"Umemwona?"

"Tunaongea kila siku."

"Nimekuuliza, umemwona?"

"Bado." Kisha akainua uso. "Ananifundisha vitu ambavyo wewe huvijui."

Hakusema kwa ukorofi. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. Na ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma.

Ilichukua muda kumshawishi afungue ukurasa wake. Mtu yule alianza kwa kuusifu mchezo wa kinyonga, sifa za mtu anayejua, akieleza kwa nini ni mzuri. Baadaye akahamia kwenye ujumbe wa faragha. Akauliza umri, shule, baba yuko wapi. Akamwambia kwamba mwalimu wake akijua atamwonea wivu, na kwamba mama ni mtu mwema lakini vipaji vya namna hii hawezi kuvielewa. Mwisho akasema Jumamosi saa nane mchana atakuwa chumba cha kusomea cha maktaba, amevaa shati la kijani, na kompyuta mpya mkononi. Kinyonga amwambie mama kwamba darasa limeongezwa muda, kisha watatoka kidogo ili amwonyeshe namna ya kuitumia.

Shangazi Nukta alisoma mpaka chini. Hapakuwa na neno chafu hata moja. Hilo ndilo lililomtisha. Aliyeandika yale alikuwa mtu mwenye subira.

"Utamwambia mama?" Kinyonga akauliza.

"Nitamwambia."

"Alisema utafanya hivyo." Msichana akachukua begi lake na kuondoka bila kuaga.

Mkuu wa maktaba alikuwa mtu mwema, lakini mwoga wa makubwa. Aliposikia habari ile alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Tufunge chumba," akasema. "Tukate mtandao leo leo. Jumamosi tuseme maktaba ina ukarabati. Mambo ya namna hii yakifika kwenye magazeti hatuna maktaba tena."

"Tukifunga atakutana naye mahali pengine," Shangazi Nukta akamwambia. "Kituo cha basi, sokoni, popote. Hapa angalau tunajua anakuja."

"Na akija tutamfanya nini? Mlinzi wetu ni mzee wa kuota jua."

"Twende polisi, Mkuu. Wewe na mimi."

Hakutaka, lakini alikwenda. Kituoni, kwenye dawati la kesi za watoto, walimkuta askari mwanamke, mtu wa maneno machache, aliyewasikiliza bila kuandika kitu mpaka walipomaliza. Aliwapa masharti yake. Mtoto abaki nyumbani siku hiyo, kwa maana mtoto si chambo. Watoto wengine nao wasije. Mtu yule asiandikiwe neno lolote. Yeye na mwenzake wangefika maktaba mapema, kabla ya saa iliyotajwa, wakiwa wamevaa nguo za kiraia.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko polisi. Shangazi Nukta alikwenda mwenyewe kwa mama yake Kinyonga, kwenye kibanda chake cha kushonea, na kumweleza yote huku cherehani ikinguruma. Katikati ya maneno, mguu wa yule mama ulisimama juu ya kanyagio.

"Mimi mtoto wangu sikumwachia barabara," mama akasema. "Nilimleta kwako kwa sababu maktaba ina ukuta, ina geti, ina mlinzi. Nikawa nashona bila wasiwasi. Kumbe ndani mlikuwa na mlango mwingine, na wewe ndiye uliyeufungua."

"Ndiyo, dada."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia programu zao. Wanaoziangalia pamoja nami sikuwaangalia."

Mama alikata uzi kwa meno, akashika nguo ile ile tena, lakini hakushona.

Jumamosi ilipofika tulifungua maktaba kama siku zote. Wazazi tulikuwa tumewapigia simu kuwaambia hakuna darasa. Chumba cha watoto kilikuwa na taa, viti vimepangwa, mashine zimewashwa, na hapakuwa na mtu. Sijawahi kuona chumba kinachotisha kama kile. Mlinzi, tuliyemwita Jenerali kwa jinsi alivyopenda kupiga saluti, aliambiwa awe macho, akawa anapiga saluti hata kwa wauza magazeti.

Tuliamini tuna asubuhi nzima ya kujiandaa. Nilikuwa hata sijamaliza kupanga vitabu vilivyorudishwa niliposikia mtu akinisalimu.

"Habari za kazi, dada?"

Nikainua macho. Alikuwa mwanamume wa makamo, mvi kidogo juu ya masikio, miwani safi, shati la kijani lililopigwa pasi. Begani alibeba mfuko wa kompyuta. Ukimwona barabarani ungemwita mwalimu, ungempisha njia.

"Nzuri," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Watoto wanaojifunza kompyuta wanakaa chumba gani?"

"Kile pale. Lakini bado hawajaanza."

"Hakuna haraka. Nitasoma gazeti."

Akaenda kuketi mahali panapotazamana na mlango. Nikaingia chumba cha nyuma na kumwambia Shangazi Nukta. Alimpigia simu yule askari hapo hapo. Nilimsikia akisema, "Amefika. Ndiyo, sasa hivi," kisha akanyamaza akisikiliza, kisha akaweka simu mfukoni. Askari walikuwa upande wa pili wa mji. Walisema asiguswe, ila asiondoke.

"Asiondoke kwa namna gani?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. Akajifuta viganja kwenye sketi na kutoka.

Alivuta kiti na kuketi mbele ya mtu yule kama mwenyeji yeyote. "Karibu. Una mtoto hapa kwetu?"

"Mpwa wangu."

"Anaitwa nani?"

Mtu yule alitabasamu. "Nyumbani tunamwita Kinyonga."

Jina hilo lilizaliwa ndani ya chumba chetu. Mama mtu alikuwa halijui. Nilishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

Shangazi Nukta hakubadilika uso. Alimwambia mpwa wake ni hodari. Akamuuliza kama naye anajua mambo ya kompyuta, na mtu yule akaanza kuongea. Aliongea vizuri. Alimsifu kwa kazi yake, akasema watu wanaojitolea kwa ajili ya watoto wa wenzao ni wachache na hawathaminiwi, akamuuliza alijifunzaje peke yake bila msaada. Baadaye Shangazi Nukta aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwa kitambo kidogo, pamoja na yote aliyoyajua, maneno yale yalimwingia vizuri. Miaka mingi hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. "Ndipo nikamwelewa mtoto," akasema.

Muda ulikwenda. Mtu yule akaanza kuchungulia dirishani. Akauliza mbona watoto wanachelewa. Akasema labda arudi baadaye. Shangazi Nukta akamwambia wanakaribia kufika, angoje kidogo. Mtu yule akamtazama, safari hii bila tabasamu, na nikajua ameshanusa jambo. Akachukua mfuko wake na kusimama.

Na hapo hapo mlangoni akatokea Kinyonga.

Alikuwa anahema. Mama yake alikuwa amemfungia ndani, lakini wateja walikuja kuchukua sare za shule, na wakati mama akipima na kukunja, binti aliomba kwenda uani na akapitia ukuta wa nyuma. Alikwenda maktaba mapema ili angoje. Alitaka kutuonyesha sote kwamba tulikuwa tunamwonea mtu wa watu.

Alilitazama shati la kijani. Kisha akamtazama aliyelivaa. Nadhani alikuwa amebeba kichwani sura ya kijana fulani, na niliiona ile sura ikianguka. Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa mkubwa kuliko baba yake.

"Kinyonga," mtu yule akasema kwa upole, na kunyoosha mkono. "Ni mimi."

Msichana hakusogea mbele wala nyuma. Shangazi Nukta alipita katikati yao, akawa ukuta. Hakuwa mrefu, lakini kwa nyuma yake mtoto alifunikwa kabisa.

"Huyu haendi nawe popote," akasema.

"Mama, umenielewa vibaya."

"Inawezekana. Tutaelezana vizuri wakija wenyewe."

Hakuuliza wenyewe ni akina nani. Alitupita kwa hatua ndefu, akatoka nje hadi getini. Jenerali alikuwa tayari ameshafunga kufuli na kusimama mbele yake. Niliwaona kutoka mlangoni, na mzee hakusogea hata hatua.

"Fungua, mzee."

"Ufunguo sina. Anao Mkuu."

Mtu yule akageuka. Mkuu wa maktaba alikuwa amesimama juu ya ngazi, jasho limemlowesha kola, mkono mmoja ndani ya mfuko wa suruali. Wote tulijua mkono ule umeshika nini. Nikajisemea, huyu atafungua. Ataogopa kelele, ataogopa majirani, atafungua.

"Nifungulie geti," mtu yule akasema. "Au nitawashtaki kwa kunizuilia bila sababu."

Mkuu hakuutoa mkono mfukoni. "Utashtaki," akasema. "Ila kwa sasa rudi ukae."

Mtu yule hakurudi kukaa. Alianza kulitikisa geti. Wapita njia wakasimama, wakauliza kama ni mwizi, na nikaingiwa na hofu nyingine, maana umati ukishalitamka neno hilo haungoji maelezo. Shangazi Nukta alitoka nje akawaambia kwa sauti yake ile ya chini, iliyowalazimisha kunyamaza ili wamsikie, kwamba hapa ni maktaba, huyu ni mgeni wetu, na polisi wanakuja kumchukua. Askari wawili walifika watu wakiwa bado wanabishana kama wamwamini. Yule mwanamke ndiye aliyemtia pingu. Walipofungua mfuko wake walikuta kompyuta kweli, mpya, na simu kadhaa. Baadaye tulisikia kwamba ndani ya simu hizo mlikuwa na mazungumzo na watoto wengine, wa miji mingine, na kila mmoja alikuwa na rafiki wa jina tofauti.

Mama yake Kinyonga alifika akikimbia, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hakumpiga binti yake wala hakumgombeza. Alimshika kifundo cha mkono, akaenda naye hivyo hivyo nyumbani. Shangazi Nukta hakuangaliwa na yeyote kati yao.

Kisha zikaja wiki mbaya. Habari zilienea, na kila mdomo uliziongezea chumvi. Wazazi waliwaondoa watoto wao. Kuna aliyekuja kumwambia Shangazi Nukta usoni kwamba amewauza watoto wa watu. Mkuu, ambaye mbele ya geti alikuwa simba, alirudia hali yake na kuifunga klabu ya kompyuta hadi atakapopata maelekezo kutoka juu, na huko juu hakuna aliyetaka kuelekeza. Shangazi Nukta alirudi kwenye vitabu vya picha. Alikonda. Aliniambia anafikiri waliomlaumu wana haki.

Aliyeigeuza hali hiyo alikuwa fundi cherehani. Alikuja siku moja, akasimama mbele ya meza yake bila kuketi.

"Mtoto hali chakula," akasema. "Halali vizuri. Siku zote yuko kwenye simu yangu. Nikimnyang'anya anakwenda kwa jirani. Sasa hao wanaotaka chumba hiki kifungwe wanadhani watoto wamekwenda wapi? Wamekwenda huko huko, ila sasa hakuna mtu mzima."

"Dada, mimi siwezi kukuahidi kwamba haitatokea tena."

"Sikuombi ahadi. Nifundishe na mimi, nijue anachokifanya. Na akina mama wengine."

Mkuu alikubali kwa sababu wazazi wenyewe ndio walioomba, na barua ikiandikwa na wazazi, lawama hazimwangukii yeye. Jumamosi ya kwanza walikuja akina mama wachache na baba mmoja dereva aliyeshika kipanya kana kwamba kitamng'ata. Watoto walicheka hadi wakaambiwa wanyamaze. Shangazi Nukta alipanga mashine upya, skrini zote zikitazama katikati ya chumba. Ujumbe wa faragha akaufunga, na kwenye tovuti kila kitu kikaandikwa kwa jina la klabu. Aliwaeleza watoto sababu bila kuzungusha maneno, hata Pengo alielewa.

Kinyonga alikuja wa mwisho, wiki kadhaa baadaye, akaketi pembeni. Hakumwamkia. Alizoea kusema "Shikamoo, Shangazi" akiwa bado kizingitini, na sasa alipita kama anapita mti. Shangazi Nukta alimwacha. Siku nyingine, wenzake wakiwa wameshatoka, nilimsikia akiuliza, bado ameipa skrini uso.

"Aliposema mchezo wangu ni mzuri, alikuwa anadanganya?"

Shangazi Nukta alimgeukia. "Yule alitaka umwamini, kwa hiyo angekusifu kwa lolote. Lakini wenzako hawakutaka kitu kwako, na walikuwa wakipigana kwa ajili ya zamu."

"Na wewe?"

"Mimi mchezo wako unanishinda. Kunguru hunila kila mara. Ulivyoutengeneza pia sielewi sehemu zote. Hilo uliniambia kweli."

Msichana akasogeza kiti kidogo, nafasi ikapatikana ya kiti kingine. "Sehemu gani huielewi?"

Wakaketi pamoja hadi nilipokuja kuwaambia nafunga.

Kesi ile ilichukua muda mrefu, na Kinyonga alitoa ushahidi akiwa nyuma ya pazia, Shangazi Nukta upande mmoja na mama yake upande mwingine. Mtu yule alifungwa. Siku hizi msichana ndiye anayewafundisha wageni wa klabu, akina mama kwa watoto, na ni mkali kuliko mwalimu wake. Shangazi Nukta yupo bado. Hupitia kila kinachoandikwa kwenye ukurasa wa klabu, hata sifa za watoto wa miaka minane. Watu husema amezidi. Nami nimemwona Jumamosi asubuhi akisimama kitambo mbele ya mlango wa chumba chake, watoto wakisukumana nyuma yake na kumwambia afanye haraka. Huvuta pumzi, huwahesabu kwa macho, kisha hufungua.